Barua ya Deni Imefika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kulipwa Benefiti Kupita Kiasi Uingereza

Ukurasa huu ni wa Waswahili tunaoishi na kufanya kazi Uingereza: wahudumu wa wazee, madereva, wasafishaji, wapishi, wauguzi, wazazi wanaolea peke yao. Maswali yametoka kwa watu niliokaa nao mezani Jumamosi asubuhi, barua zimetandazwa katikati ya vikombe vya chai. Viwango vya pesa ni vya mwaka wa fedha 2025/26 pale nisipotaja mwaka mwingine, na hubadilika kila Aprili. Ukiwa na kesi yako mahususi, onana na mshauri. Mwisho nimeeleza wapi.

Nimepata barua inasema nadaiwa maelfu ya pauni. Nifanye nini kwanza?

Tazama tarehe iliyoandikwa juu ya barua. Siku zako za kupinga zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo, wala hazingoji siku uliyopata ujasiri wa kuifungua bahasha. Nimeona bahasha zilizokaa juu ya friji wiki sita kwa sababu mwenye barua alijua tu kwa rangi yake kwamba hazina heri. Wiki sita zimeshapita mwezi mmoja, na mwezi mmoja ndio muda wa kawaida wa kuomba uamuzi uangaliwe upya.

Kisha tafuta mambo haya ndani ya barua: ni benefiti gani, ni kipindi gani wanachosema ulilipwa zaidi, na kwa sababu gani. Barua nyingi hutaja jumla tu, labda pauni 3,412 na peni kadhaa, bila kuonyesha ilivyopatikana. Una haki ya kuomba mchanganuo, mwezi kwa mwezi. Uombe kwa maandishi. Kama ni Universal Credit, ile benefiti kuu ya watu wa kipato kidogo, andika kwenye Journal yako, ile sehemu ya ujumbe kwenye akaunti yako ya mtandaoni, kwa sababu pale ujumbe hubaki na tarehe yake.

Jambo la mwisho hapa, nalisema kwa uchungu. Usimpe mtoto kazi ya kukusomea barua ya deni. Nilimwona binti wa miaka kumi na mmoja akimtafsiria mama yake neno kwa neno, akafika kwenye kiasi, akanyamaza, akasema kiasi kidogo kuliko kilichoandikwa. Alikuwa anamlinda mama yake. Unaweza kuomba mkalimani kwa simu au ofisini bila malipo, na Kiswahili hakikosi watu.

Sikudanganya. Nimelipwaje zaidi?

Walio wengi hawakudanganya. Mfumo wenyewe unapanda na kushuka kila mwezi kufuata mshahara, na maisha ya mfanyakazi wa mshahara mdogo hayakai mahali pamoja.

Chukua mama mmoja mwenye mtoto, amepanga nyumba, na mshahara wake baada ya kodi ni pauni 1,200 kwa mwezi. Kwa kuwa ana mtoto na analipiwa sehemu ya kodi ya nyumba, pauni 411 za kwanza za mshahara haziguswi. Zinabaki 789, na katika kila pauni ya hizo Universal Credit inapunguzwa peni 55. Kwa hiyo makato yake ni karibu pauni 434. Mwezi huo mwenzake kazini akiumwa, yeye akafanya ovataimu, akaongeza pauni 200, benefiti yake inashuka pauni 110. Mambo ni sawa ikiwa kila kitu kimeripotiwa kwa wakati. Mwajiri wake akichelewa kupeleka taarifa za mshahara HMRC, yaani mamlaka ya kodi, au akipeleka kiasi kisicho sahihi, mama atalipwa kama mtu asiyefanya ovataimu, na baada ya miezi ataambiwa arudishe.

Wanaolipwa kila wiki nne wana shida yao. Mwaka una siku 13 za mshahara na miezi 12, kwa hiyo kuna mwezi mmoja mishahara miwili inaangukia ndani ya kipindi kimoja cha hesabu na benefiti inayeyuka. Mwaka 2020 akina mama wanne walishinda Mahakama ya Rufani kuhusu suala la jirani na hilo: walilipwa kila mwezi, lakini mshahara ukitangulia kwa ajili ya wikendi, mishahara miwili ilihesabiwa katika kipindi kimoja. Kanuni zikarekebishwa Novemba mwaka huohuo. Wa wiki nne hawakufaidika na marekebisho hayo.

Sababu nyingine ninazokutana nazo ni ada ya chekechea iliyobadilika, mtoto mkubwa aliyehama, kodi ya nyumba iliyoandikwa vibaya, na mwenzi aliyehamia.

Kama kosa ni la taarifa za mwajiri, sema hivyo waziwazi na utume slipu zako za mshahara. Mwombe ofisa afungue madai rasmi ya kupinga takwimu za mwajiri. Wao wanayaita RTI dispute, na ukitaja jina hilo utaeleweka haraka.

Kosa ni lao kabisa, niliwaambia kila kitu. Bado nalipa?

Hapa ndipo watu wanapokasirika, na wana haki.

Kwa Universal Credit, sheria iliyopitishwa mwaka 2012 inaipa serikali uwezo wa kudai pesa yoyote iliyolipwa zaidi, hata kama kosa lilifanywa na ofisa wao. Zamani haikuwa hivyo, na kwa baadhi ya benefiti bado si hivyo. Kwa Housing Benefit, msaada wa kodi ya nyumba, pesa iliyolipwa kwa kosa la ofisi hairudishwi ikiwa wewe kwa akili ya kawaida usingeweza kujua kwamba umezidishiwa. Kwa Carer's Allowance, posho ya anayemhudumia mgonjwa, lazima waonyeshe kwamba ulitoa maelezo yasiyo sahihi au ulinyamazia jambo ulilotakiwa kulisema. Ndiyo maana nasisitiza ujue ni benefiti gani hasa unayodaiwa.

Hata kwa Universal Credit, kuwa na uwezo wa kudai si sawa na kulazimika kudai. Unaweza kuandikia kitengo cha madeni cha DWP, wizara ya kazi na pensheni inayosimamia benefiti hizi, ukaomba wasamehe, yaani waachane na deni lote au sehemu yake. Eleza kosa lilivyotokea, kwamba uliripoti na tarehe uliyoripoti, hali yako ya afya na ya watoto, na jinsi ulivyoitumia ile pesa ukiamini ni yako. Ambatanisha barua ya daktari kama ipo, na orodha ya mapato na matumizi.

Wengi wanakataliwa, sikufichi. Lakini mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimpa haki mama mmoja aliyetambulishwa kwa herufi K tu, aliyekuwa anadaiwa zaidi ya pauni 8,600. Alikuwa amehakikishiwa na ofisi kwamba pesa ile ni stahili yake. Jaji akaona kumdai baada ya kumhakikishia hivyo ni kinyume cha sheria. Kwa hiyo ukiwa na ujumbe kwenye Journal ambamo uliuliza na wakakujibu kwamba malipo yako yako sawa, upige picha leo na uuweke mahali salama. Huo ni ushahidi.

Napingaje uamuzi?

Hatua ya kwanza inaitwa Mandatory Reconsideration. Unaomba ofisi ileile iuangalie tena uamuzi wake. Una mwezi mmoja. Ukichelewa unaweza kuomba wapokee hadi ndani ya miezi 13, ukieleza sababu, na ugonjwa, msiba au kutoelewa lugha ni sababu za kutajwa.

Usiandike kwamba huna uwezo wa kulipa. Hilo lina mahali pake kwenye ombi la kupunguziwa makato. Hapa unapinga hesabu yenyewe au sababu yake. Andika kitu kama hiki: mnasema Machi nililipwa pauni 900 za mshahara, slipu yangu inaonyesha 640, nimeiambatanisha. Maneno machache, tarehe, karatasi. Hasira uimwage nyumbani, tutakusikiliza.

Wakikataa, unapewa mwezi mwingine wa kukata rufaa kwenye tribunali, ambayo haiko chini ya DWP. Rufaa ni bure, mkalimani ni bure, na jaji huuliza maswali kwa lugha ya kawaida. Watu wetu huogopa neno mahakama kama vile kuna pingu mlangoni. Ni chumba chenye meza. Siku hizi kesi nyingi husikilizwa hata kwa simu au video.

Watanikata kiasi gani?

Tangu mwisho wa Aprili 2025 kikomo cha kawaida cha makato ya madeni kutoka Universal Credit ni asilimia 15 ya kiwango cha msingi, sio ya malipo yote. Mtu mmoja mwenye miaka 25 na zaidi ana kiwango cha msingi cha pauni 400.14, kwa hiyo ukomo wake ni kama pauni 60. Mume na mke, 628.10, ukomo ni kama 94. Zamani ilikuwa mbaya zaidi: asilimia 40 hadi 2019, kisha 30, kisha 25.

Pauni 60 kwa anayezimudu ni viatu vya shule. Kwa asiyezimudu ni umeme wa wiki mbili. Ikiwa unabaki bila chakula, piga simu kitengo cha madeni uombe wapunguze, na ukiwa umeshaorodhesha matumizi yako yote kabla ya kupiga utajibu bila kubabaika. Usisahau kuandika nauli, sabuni, kadi ya simu, na kile unachotuma kwa wazazi. Hiki cha mwisho huenda wasikikubali, lakini kiandike. Ukikificha hesabu yako haitajumlika.

Sipokei tena benefiti yoyote. Wanaweza kugusa mshahara wangu?

Ndiyo, na bila kwenda mahakamani. Wanamwandikia mwajiri moja kwa moja. Anayepata pauni 430 au pungufu kwa mwezi baada ya kodi kwa kawaida hakatwi. Kuanzia hapo kiwango kinapanda ngazi kwa ngazi kutoka asilimia 3 hadi 20, na kwenye kiwango cha juu kinaweza kufika 40. Mwajiri naye anaruhusiwa kuchukua pauni moja kila anapokata.

Kama hutaki bosi wako ajue mambo yako, jibu barua mapema na ukubaliane nao kiasi cha kulipa kila mwezi kutoka benki. Mkato wa mshahara huja pale mtu anaponyamaza.

Deni langu linatoka enzi za tax credits, zaidi ya miaka kumi iliyopita. Inawezekana?

Inawezekana sana. Tax credits, nyongeza za kipato zilizolipwa na HMRC kabla ya Universal Credit, zilianza Aprili 2003 na zilifungwa kabisa tarehe 5 Aprili 2025. Zilihesabiwa kwa mapato ya mwaka mzima, kwa hiyo familia ililipwa kwa makisio, na mwaka ukiisha ndipo hesabu ya kweli inafanywa. Mwaka wa kwanza peke yake, familia karibu milioni mbili zilionekana zimelipwa zaidi, jumla ikipita pauni bilioni mbili. Juni 2005 mchunguzi wa malalamiko wa Bunge, Ann Abraham, alitoa ripoti akaeleza dhiki iliyosababishwa na udai huo kwa familia za kipato cha chini. Serikali ikalegeza: kuanzia 2006 mapato yangeweza kuongezeka hadi pauni 25,000 kabla ya kuathiri malipo ya mwaka ule. Baadaye wakabana tena, 10,000, 5,000, na 2016 wakarudi kwenye 2,500 walikoanzia.

Mtu alipohamishiwa Universal Credit, deni lake lilisafiri naye kutoka HMRC hadi DWP. Ndiyo maana wengi huona makato ya kitu wasichokikumbuka. Omba mchanganuo wa kila mwaka. Linganisha na barua za zamani kama unazo, na kama ulikwisha kulipa sehemu, tafuta taarifa za benki za miaka ile. Usishangae kukuta deni la mume uliyeachana naye: madai yalikuwa ya pamoja, na kila mmoja anaweza kudaiwa. Kwa kawaida unaweza kuomba ulipe nusu yako tu.

Kuhusu muda: sheria inazuia kukupeleka mahakamani kwa deni lililopita miaka sita, lakini haiwazuii kukukata kutoka kwenye benefiti. Kwa hiyo mtu akikuambia deni la zamani limekufa, muulize limekufa kwa njia ipi.

Nilikwenda nyumbani kwenye msiba, nikakaa wiki saba. Sasa nadaiwa.

Hili ndilo swali letu hasa.

Universal Credit inakuruhusu kuwa nje ya nchi mwezi mmoja, ukiwa bado unatimiza masharti yako. Safari ikihusiana na kifo cha mwenzi, mtoto au jamaa wa karibu, na si haki kukutarajia urudi ndani ya mwezi ule, wanaweza kuongeza mwezi mwingine. Toa taarifa kabla ya kupanda ndege. Ukikwama, andika kwenye Journal ukiwa hukohuko. Cheti cha kifo na barua ya serikali ya mtaa au ya chifu vihifadhi, na tiketi zote mbili.

Child Benefit, posho ya watoto, ina saa yake nyingine: wiki 8 kwa safari ya kawaida, hadi 12 kukiwa na kifo au matibabu. Mzazi anayempeleka mtoto kwa bibi Tanga au Mombasa likizo nzima ya kiangazi, kisha akamwacha amalizie muhula, anavuka mipaka yote miwili bila kujua. Kwa Universal Credit, sehemu ya mtoto aliye nje ya nchi hukoma baada ya mwezi mmoja, hata kama wewe uko hapa unafanya kazi.

Na kuna makosa yao pia. Mwaka 2025 HMRC ilitumia rekodi za safari kusimamisha Child Benefit za familia zipatazo 23,500, ikidhani zimehama nchi. Wengi walikuwa wamekwenda likizo na kurudi. Rekodi zilionyesha kuondoka zikakosa kurudi, hasa kwa watu waliotokea Belfast wakarejea kupitia Dublin. HMRC iliomba radhi. Ukipata barua ya namna hiyo, tuma barua ya shule inayoonyesha mahudhurio ya mtoto na slipu za mshahara.

Nina kiwanja nyumbani. Nina nyumba niliyomjengea mama. Nacheza upatu. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Universal Credit huangalia mali na akiba. Chini ya pauni 6,000 haigusi kitu, juu ya 16,000 hupati kabisa, na katikati wanapunguza pauni 4.35 kwa kila 250. Nyumba unayoishi haihesabiwi. Kiwanja cha Kigamboni au Kilifi kinahesabiwa, kwa bei ambayo kingeuzwa leo, ukitoa asilimia 10 ya gharama za kuuza na deni lililoko juu yake. Watu hudhani mali ya nje haimhusu mtu wa hapa. Fomu inauliza, na jibu la uongo ndilo linaloleta balaa.

Kuhusu nyumba ya mama: kanuni zinaiacha nje ya hesabu nyumba anamoishi jamaa wa karibu aliyefikisha umri wa pensheni, au ambaye afya haimruhusu kufanya kazi. Wengi hawajui hili. Itangaze nyumba, kisha utaje kanuni hiyo, na pata mshauri akusaidie kuiandika.

Upatu: zamu yako ikifika na pauni 5,000 zikaingia benki, kwenye skrini ya ofisa huonekana kama utajiri wa ghafla. Pesa za wenzako ulizozishika tu si akiba yako, ila utatakiwa kuthibitisha. Kijisehemu cha daftari chenye majina na tarehe, pamoja na ujumbe wa WhatsApp wa kikundi, vimewahi kutosha.

Tulifunga ndoa msikitini tu, hatuna cheti cha serikali. Naweza kudai kama mtu asiye na mwenzi?

Mkiishi pamoja kama mume na mke, hapana. Wanaangalia maisha, hawaangalii cheti. Mwandikishe mwenzi tangu siku aliyohamia. Kama anaishi kwake na anakuja kuwaona watoto, hilo ni jambo jingine, na uwe na ushahidi wa anwani yake.

Nao hukosea hapa. Mwaka 2016 kampuni binafsi iliyopewa na HMRC kazi ya kusaka udanganyifu ilimtuhumu mama wa miaka 19 kwamba anaishi na mwanamume aitwaye Joseph Rowntree. Joseph Rowntree, mfanyabiashara na mfadhili, alifariki 1925. Jina lake limebaki kwenye shirika la nyumba lililompangisha yule mama. Kampuni ile haikuongezewa mkataba.

Ninamhudumia mzazi mgonjwa na ninafanya kazi saa chache. Carer's Allowance imekuwaje?

Hii ina ukuta. Hadi Aprili 2025 ungeweza kupata pauni 151 kwa wiki kazini. Ukipata moja zaidi, unapoteza benefiti yote ya wiki ile. Watu waliovuka kwa peni chache miaka mitatu mfululizo walidaiwa maelfu, ingawa ofisi ilikuwa inapokea taarifa za mishahara yao muda wote. Aprili 2025 kikomo kilipandishwa hadi 196. Serikali ilimwomba Liz Sayce achunguze suala hili, na ripoti yake ya Novemba 2025 ilionyesha kwamba mwongozo wa kukokotoa mapato yanayopanda na kushuka haukuwa sawa. Serikali iliahidi kuzipitia upya kesi za zamani. Kama ulidaiwa Carer's Allowance kwa sababu ya mshahara usio sawasawa kati ya 2015 na 2025, fuatilia hata kama umeshamaliza kulipa. Kumbuka pia kwamba nusu ya mchango wako wa pensheni hutolewa kabla ya kulinganisha na kikomo.

Wameniita kwenye mahojiano chini ya onyo.

Usiende peke yako na usiende kujieleza tu. Hayo ni mahojiano yanayorekodiwa na yanaweza kutumika kwenye kesi ya jinai. Tafuta wakili kwanza, omba tarehe isogezwe kama ni lazima.

Je, itaathiri viza yangu?

Kama viza yako ina sharti la kutopokea fedha za umma, kupokea benefiti zilizomo kwenye orodha hiyo ni kuvunja sharti. Zungumza na mshauri wa uhamiaji mwenye leseni kabla hujaandika chochote. Kama una haki ya ukaazi bila sharti hilo, deni lenyewe ni deni. Udanganyifu uliothibitishwa ni habari nyingine.

Ndugu zangu wananiambia nala pesa za bure. Ninaona aibu hata kupinga.

Nimeliacha swali hili karibu na mwisho kwa sababu ndilo linalofanya mengine yote yawe magumu. Mtu anayeamini kwamba alikuwa anakula jasho la wengine hulipa deni lisilo lake, kimyakimya, ili yaishe.

Tumetoka kwenye nchi ambako msaada wa serikali unajulikana kwa jina la kaya maskini, TASAF kwa Tanzania, Inua Jamii kwa Kenya. Anayefanya kazi hajihesabu humo. Ukifika hapa ukaambiwa jaza fomu ya serikali, moyo unasema mimi si maskini, nina kazi. Lakini Universal Credit haikuwekwa kwa wasio na kazi tu. Takriban theluthi moja ya wanaoipokea wako kazini. Watoto saba katika kila kumi wanaohesabiwa maskini Uingereza wana angalau mzazi mmoja anayefanya kazi. Tatizo liko kwenye mshahara na kodi ya nyumba.

Wala kujazia mishahara si jambo jipya. Mwaka 1795, mkate ulipopanda bei, mahakimu wa Berkshire walikutana Speenhamland wakaamua kuwaongezea vibarua kulingana na bei ya mkate na idadi ya watoto. Eleanor Rathbone alipigania posho ya watoto kwa miongo kadhaa. Ikapitishwa 1945, miezi michache kabla hajafariki, na ikaanza kulipwa Agosti 1946, shilingi tano kwa wiki kwa kila mtoto baada ya wa kwanza. Mwaka 1971 ikaja nyongeza ya familia za kipato kidogo, kisha tax credits, kisha Universal Credit kuanzia 2013. Vyama vyote viwili vikubwa vimefanya hivyo.

Maneno ya kudharau nayo yana historia. Oktoba 2012 George Osborne, aliyekuwa waziri wa fedha, alimzungumzia mfanyakazi anayetoka alfajiri na kuyaona mapazia ya jirani yake yamefungwa, jirani anayelala kwa benefiti. Mimi nayajua mapazia hayo. Nyuma yake nimemkuta dada aliyerudi saa moja asubuhi kutoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, bado amevaa sare, viatu ameviacha mlangoni asiwaamshe watoto. Aliyetoka alfajiri na aliyefunga pazia wote wawili walikuwa kazini, na wote wawili walikuwa kwenye Universal Credit.

Uholanzi ilionyesha mwisho wa dharau hiyo. Maelfu ya wazazi wanaofanya kazi walituhumiwa udanganyifu wa ruzuku ya malezi ya watoto, wakadaiwa makumi ya maelfu ya euro kwa sababu ya saini iliyokosekana au ada ndogo isiyolipwa. Wengi walikuwa na asili ya uhamiaji, na uraia pacha ulitumika kama alama ya kumshuku mtu. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa ajili hiyo.

Hapa, ukomo wa watoto wawili uliowekwa Aprili 2017, yaani kutolipwa sehemu ya mtoto wa tatu na kuendelea, uliwabana wazazi ambao wengi wao walikuwa kazini. Novemba 2025 serikali ilitangaza kuuondoa kuanzia Aprili 2026. Wazazi walijitokeza kusema, na wengi wao walikuwa na aibu kama yako.

Unalipa kodi, unalipa bima ya taifa, unalipa VAT kwenye kila sabuni. Kuuliza hesabu ya pesa yako ni haki ya mlipaji.

Nani atanisaidia bure?

Citizens Advice wapo karibu kila mji, na ofisi nyingi za halmashauri zina kitengo cha haki za benefiti. Vituo vya sheria hushughulikia rufaa. Kwa madeni yote kwa jumla kuna StepChange na National Debtline. Ukiwa na madeni mengi na huna mali, waulize kuhusu Debt Relief Order, amri ya kusamehewa madeni: kwa England na Wales haina ada tangu Aprili 2024, na deni la benefiti lisilo la udanganyifu linaweza kuingizwa humo. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Asikudai mtu pesa kukujazia fomu hizi. Wapo wanaojiita mawakala kwenye jumuiya zetu, wanachukua pauni 150 na nywila ya akaunti yako. Nywila usimpe mtu.

Nimeshinda. Zile walizokwisha kunikata zinarudi?

Zinatakiwa kurudi. Deni likifutwa au likipunguzwa, kilichokatwa kupita kiasi ni chako. Mara nyingine hakiji chenyewe. Andika kwenye Journal: uamuzi wa tarehe fulani umefuta deni, mmenikata jumla ya kiasi hiki kuanzia mwezi huu hadi huu, naomba kirudishwe. Kama una deni jingine wanaweza kutaka kukielekeza huko, kwa hiyo uliza kabla. Dada yule wa zamu ya usiku alirudishiwa pauni 318 mwezi wa pili. Alininunulia mandazi, na watoto wake wakapata makoti ya baridi.